Ganzi ya Kidole cha Mwisho: Miezi 11 Niliyoipoteza kabla ya Kukitazama Kiwiko

Ganzi ilianza usiku, na kwa muda mrefu niliichukulia kuwa kosa la mto. Niliamka nikakuta kidole kidogo cha mkono wa kulia, pamoja na kile cha pete kilicho jirani yake, vimekufa ganzi. Nikaukung'uta mkono mara tatu nne, hisia zikarudi pamoja na yale machomochomo ya sindano ambayo kila mtu anayajua, nikageukia upande wa pili nikalala. Hakukuwa na maumivu. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonigharimu: kinachonipeleka mimi hospitali ni maumivu, na mkono huu haukuuma hata siku moja mpaka ulipokwisha kudhoofika.

Kazi yangu ni kusoma na kusahihisha miswada ya watu wengine. Kwa miaka mingi nimeifanya kwa mkao mmoja: kiwiko cha kulia mezani, kiganja chini ya kidevu, macho kwenye karatasi au kwenye skrini. Simu nazo nilizipokea kwa mkono huohuo, na mazungumzo na mwandishi anayeitetea sentensi yake yanaweza kuchukua saa nzima. Usiku nilikuwa nikilala kwa ubavu, mikono nimeikunja hadi ngumi zinagusa shingo. Ukizijumlisha saa hizo utaona kwamba kiwiko changu kilinyooka pale tu nilipotembea, lakini hesabu hiyo sikuifanya mpaka mtu aliponiuliza.

Kufikia mwezi wa tatu ganzi ilikuwa inakuja mchana pia, hasa nikiwa kwenye simu. Karibu kila niliyemweleza aliniambia kwamba ni kifundo cha mkono, kwa kuwa watu wanaotumia kompyuta ndivyo wanavyoumwa. Nikanunua banzi la kifundo bila kupimwa na mtu yeyote, nikawa nalala nalo. Lilikishika kifundo barabara, na kiwiko likakiacha kijikunje kama kilivyozoea, hata zaidi, kwa sababu mkono uliofungwa nilitafuta pa kuuweka na mahali pazuri palikuwa chini ya shavu. Nilidumu na banzi hilo miezi miwili. Sambamba nalo nilimeza vidonge vya vitamini B, kwa kuwa vinasifiwa kuwa dawa ya ganzi. Vinamfaa mtu aliyepungukiwa na vitamini hizo, lakini neva iliyobanwa havina namna ya kuibanua, na vitamini B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu yenyewe huweza kuharibu neva. Nilienda pia kwa mkandaji, ambaye kwa nia njema kabisa alinibonyeza kwa dole gumba mahali palepale neva inapopita, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mzima. Kila nilipotoka kwake kidole kidogo kilikuwa kama si changu, na mimi nikaamini kwamba hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi.

Jambo ambalo lingenitoa kwenye njia hiyo ni dogo mno: kuuliza ni vidole vipi. Neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, ambayo ndiyo inayobanwa mara nyingi kuliko zote za mkono, hutia ganzi kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Neva ya ulna inabeba hisia za kidole kidogo na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Inashuka kutoka shingoni, inapita nyuma ya kinundu cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, inaingia katika mfereji mwembamba uliofunikwa na utepe mgumu, kisha inateremka kwenye kigasha hadi kiganjani. Kama umewahi kujigonga kiwiko ukahisi shoti ya umeme ikikimbia hadi kidole cha mwisho, ulichokigonga hasa ni neva hiyo. Kiwiko kinapokunjwa, neva hunyooshwa kuzunguka kinundu na mfereji wake hujifinya. Kikikaa hivyo usiku kucha, damu inayoilisha neva hupungua. Kule kukung'uta mkono usiku kulisaidia kwa sababu nilikuwa nakinyoosha kiwiko bila kujua.

Mwezi wa sita nilipata nafuu, au niliyoiita nafuu. Machomochomo yalipungua, nikawa siamki tena usiku, na nikamwambia kila mtu kwamba vidonge vimefanya kazi. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame. Ganzi inayokuja na kuondoka ni neva inayolalamika. Ganzi iliyotulia, isiyochoma wala kuwasha, inayokaa asubuhi hadi jioni, yaweza kuwa neva iliyochoka kulalamika. Mimi nilikuwa nimetoka hatua ya kwanza nikaingia ya pili huku nikishangilia. Wiki chache baadaye niliinua sufuria jikoni, nikasikia harufu kabla sijasikia joto, na nilipotazama nikaona ukingo wa nje wa kidole kidogo umeungua na kuanza kuvimba lengelenge.

Baada ya hapo udhaifu ulijitokeza katika mambo ambayo mtu huona aibu kuyapeleka kwa daktari. Ufunguo wa mlango wa nyumbani ulikataa kuzunguka, nikakilaumu kitasa na kukitia mafuta. Nilipotia mkono mfukoni, kidole kidogo kilibaki nje kikanasa kwenye ukingo wa suruali, kwa kuwa kilikuwa kimejitenga na wenzake na hakikubali kuitwa karibu. Kilichonitisha kidogo kilikuwa kikata kucha. Nilikishika kwa mkono wa kulia ili nikate kucha za kushoto, nikabonyeza, na mdomo wake haukufunga. Nikabonyeza tena, ncha ya kidole gumba ikajikunja na kutetemeka, kucha ikabaki na alama tu. Nilimaliza kwa kukiweka kifaa hicho juu ya meza na kukikandamiza kwa uzito wa kiganja, kisha nikajiambia kwamba kimekuwa butu.

Aliyeliona bonde ni mdogo wangu wa kike. Tulikuwa tumekaa mezani, mkono wangu umelala wazi, akaweka kidole chake kwenye nyama iliyo kati ya gumba na shahada, upande wa mgongo wa kiganja, akaniuliza, "Kaka, mbona hapa pamebonyea?" Nikaiweka mikono yote miwili sambamba chini ya taa. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na kilima cha msuli, na kwenye wa kulia palikuwa na kishimo ambamo ningeweza kulaza maharagwe mawili. Kati ya mifupa ya kiganja nako palikuwa na mifereji, kama mkono wa mzee kuliko mimi kwa miaka 30. Neva ya ulna ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya misuli midogo ya kiganja, ile inayotanua na kukusanya vidole na ile inayolivuta gumba kuelekea shahada, na msuli usiopata amri kutoka kwenye neva yake hunyauka.

Ungedhani nilikwenda kwa daktari kesho yake. Nilikwenda kupiga picha ya shingo. Jamaa mmoja alinieleza kwa uhakika mkubwa kwamba mkono unaonyauka hutokana na shingo, nami nikaomba mwenyewe kipimo cha emaraii (MRI), kipimo ambacho kiligharimu zaidi ya vingine vyote nilivyofanya baadaye nikivijumlisha pamoja. Majibu yaliandika kwamba diski mbili za shingo, yaani vile vimto vilivyo kati ya mifupa, zimechakaa, jambo ambalo hupatikana kwa watu wengi wa umri wangu wasioumwa chochote, na mimi nikaishi mwezi mzima nikiogopa kugeuza kichwa. Simlaumu aliyeniambia, maana shingo kweli huweza kuleta hali inayofanana na hii. Kosa langu lilikuwa kununua picha kabla ya kupata mtu wa kuushika mkono na kuuchunguza.

Daktari bingwa wa mikono nilimwona mwezi wa kumi na moja, na uchunguzi wake ulichukua kama dakika 20, bila mashine. Alichukua kipande cha pamba akakipitisha kwenye kidole cha pete, upande mmoja kisha wa pili. Upande unaoelekea kidole cha kati niliihisi pamba, upande unaoelekea kidole kidogo sikuhisi kitu, kana kwamba mtu amepiga mstari katikati ya kidole kwa rula. Alipitisha pamba ileile kwenye mgongo wa kiganja upande wa kidole kidogo, napo pamelala. Akapanda kwenye kigasha upande wa ndani, hapo hisia zilikuwa kamili. Alinieleza kwamba huko ndiko alikokuwa akisoma ramani: kidole cha pete kilichogawanyika nusu kwa nusu huelekeza kwenye neva yenyewe kuliko kwenye shingo; kigasha kuwa salama kunaongeza uzito huo; na mgongo wa kiganja kulala kunaonyesha kwamba tatizo liko juu ya kifundo, kwa sababu tawi linalohudumia sehemu hiyo huchepuka kabla neva haijafika kifundoni.

Kisha alinipa karatasi niibane kati ya gumba na upande wa kidole cha shahada kwa mikono yote miwili, akaivuta. Gumba la kushoto lilibaki limenyooka. La kulia lilijikunja kwenye kiungo cha mwisho, likiazima nguvu za msuli mwingine unaoendeshwa na neva nyingine. Ni kipimo cha zamani, kinachoitwa kwa jina la daktari Mfaransa Jules Froment aliyekieleza mwaka 1915, na mtu anaweza kujipima nyumbani bila gharama yoyote. Ndicho kilichokuwa kimenishinda kwenye kikata kucha. Mwisho alinigongagonga taratibu nyuma ya kinundu cha kiwiko, shoti ikaruka hadi kwenye kidole cha mwisho, akaniambia, "Ndugu yangu, umekuwa ukiutibu mwisho wa waya huku umekalia katikati yake."

Aliniuliza pia maswali ambayo sikuyatarajia. Alitaka kujua kama nina kisukari, maana neva ya mwenye kisukari huumia kwa kubanwa kidogo tu, akaagiza damu ipimwe. Alinikagua ngozi akitafuta mabaka yasiyo na hisia na akaipapasa neva yenyewe kuona kama imenenepa, kwa sababu ukoma hupenda kuishambulia neva ya ulna hapohapo kwenye kiwiko, na tiba yake ni dawa za kuua vimelea. Nilishtuka kusikia neno hilo, lakini sasa ningependa kila mwenye ganzi ya namna hii aulizwe.

Kipimo cha umeme wa neva kilifuata. Watu wamenisimulia kwamba kinatesa. Mimi nasema kinakera. Unapigwa shoti fupifupi kwenye kifundo, chini ya kiwiko na juu ya kiwiko, mashine ikipima ishara inakwenda kwa kasi gani, halafu sindano nyembamba inaingizwa kwenye msuli kusikiliza hali yake. Ukienda, nenda na mikono yenye joto, kwa kuwa mkono wa baridi huifanya ishara iende polepole na majibu yakapotosha. Kwenye kigasha ishara yangu ilikwenda mita 57 kwa sekunde. Ilipokatiza kiwiko ilishuka hadi 31, wakati kwa kawaida hutarajiwa ipite 50.

Nilitaka niambiwe kwamba banzi la kiwiko na mazoezi yangetosha. Daktari alinijibu kwamba kwa mtu mwenye ganzi ya kuja na kuondoka, asiyepoteza msuli, ndiko wanakoanzia, na wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa nimeshavuka kituo hicho. Upasuaji alinieleza kwa mapana. Upo wa kuufungua tu ule utepe unaoifunika neva, na upo wa kuihamisha neva kutoka nyuma ya kinundu na kuipitisha mbele yake. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeonyesha matokeo yanayokaribiana, huku ile ya kwanza ikiwa na madhara machache, kwa hiyo kuhamisha huwafaa zaidi wale ambao neva yao inateleza juu ya kinundu kila wanapokunja kiwiko. Yangu haikuwa inateleza. Uliza swali hilo kabla ya kusaini chochote, na uliza pia kama daktari anafahamu vitawi vidogo vya hisia vinavyokatiza juu ya mahali pa kupasuliwa, kwa sababu vikijeruhiwa huacha kovu linalouma au ngozi iliyolala. Mimi nina kipande cha ngozi chini ya kovu, kama upana wa sarafu, ambacho mpaka leo hakisikii nguo ikikigusa.

Upasuaji wenyewe ulikwisha kabla ya saa moja kutimia. Walinichoma sindano ya ganzi ya mkono mzima, nikabaki macho, nikawaza kwamba baada ya mwaka mzima wa kuikimbia ganzi nimelipia niongezewe. Nilirudi nyumbani jioni ileile. Kosa langu la mwisho nililifanya hapo: niliambiwa nikitumie kitambaa cha kuning'iniza mkono siku mbili tatu kisha nianze kukikunja na kukinyoosha kiwiko taratibu, lakini kwa woga wa kidonda nikauweka mkono kifuani siku tisa. Kiwiko kikakakamaa, na mtaalamu wa viungo alihitaji wiki tano kunirudishia mnyooko niliokuwa nao kabla ya kupasuliwa. Nyuzi zilitolewa siku ya 14. Kazini nilirudi baada ya wiki tatu. Nalipwa kwa kurasa, kwa hiyo wiki tatu hizo zilikuwa tupu, na ingefaa niziwekee akiba kabla.

Nilitegemea kuamka nimepona. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba shabaha ya kwanza ni kuzuia nisipoteze zaidi, na kinachorudi ni cha ziada, ila masikio yangu yalichagua ya kusikia. Nyuzi za neva zilizokufa huota upya kwa kadiri ya milimita moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kwenye misuli ya kiganja changu ni karibu sentimita 30, yaani siku 300 kama mambo yakienda sawa, na msuli uliokaa muda mrefu mno bila neva hufikia mahali ambapo hata neva ikiwasili haiamki tena. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nikaorodhesha miezi yangu: miwili ya banzi la kifundo, mmoja wa mkandaji, miwili ya nafuu ya uongo, mmoja wa kuogopa diski za shingo.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji machomochomo yalirudi. Nilikimbia kwa daktari nikiamini kwamba neva imebanwa tena, na yeye, baada ya kuipima nguvu ya vidole na kugongagonga kufuata njia ya neva, alinionyesha kwamba mahali panaporusha shoti pamehama kutoka kiwikoni hadi katikati ya kigasha. Neva ilikuwa inaota na kusafiri. Mara ya kwanza yalipoondoka nilifurahi na nilikosea. Sasa yamerudi, nimeogopa, na nimekosea tena. Ndiyo maana siamini tena tafsiri yangu mwenyewe ya machomochomo bila mtu kuipima misuli.

Kwa kuuhurumia mkono wa kulia nilihamishia simu, mizigo na kidevu upande wa kushoto, na baada ya wiki sita kidole kidogo cha kushoto nacho kikaanza kufa ganzi usiku. Safari hii sikungoja. Nilichukua taulo, nikalizungusha kwenye kiwiko bila kukaza na kulishika kwa utepe wa kitambaa, kiasi kwamba kiwiko hakikuweza kujikunja hadi mwisho nikiwa usingizini. Wengine hutumia kile kikinga-kiwiko cha michezo wakikigeuza, sponji ikae upande wa mbele. Usiku wa kwanza ni wa tabu, na taulo langu lilifunguka mara mbili. Simu niliiweka mezani nikawa nazungumza kwa spika, kiti kikashushwa sehemu za kuegemeza mikono, na kidevu kikalazimika kujibeba chenyewe. Ganzi ya kushoto ilikwisha katika muda wa wiki kumi hivi, bila kidonge na bila kisu.

Leo ni mwezi wa 16 tangu upasuaji. Hisia za kidole cha pete zimerudi zote, za kidole kidogo zimerudi kiasi cha kutofautisha pamba na karatasi, na joto nalisikia kabla ya harufu. Bonde kati ya gumba na shahada limejaa nusu, na daktari haamini kwamba litajaa lote. Ufunguo unazunguka. Kidole kidogo bado hunasa mfukoni mara mojamoja, hasa wakati wa baridi. Kikata kucha nimeanza kukitumia tena tangu mwezi wa 13, kwa gumba ambalo bado linajikunja kidogo kwenye ncha. Kucha za mkono wa kushoto hazitoki sawa, lakini nazikata mwenyewe.